Uzi wa Tano Mpe Jembe

Mtu akishapata gita la besi la nyuzi tano, jambo la kwanza atakalofanya linajulikana hata kabla hajalichomeka kwenye amplifaya. Atauchuna ule uzi mnene kuliko wote, ukiwa mtupu, bila kushika freti yoyote, kisha atatega sikio. Anautafuta mngurumo. Amelipia uzi mmoja zaidi ya nyuzi za besi ya kawaida na anataka kusikia papo hapo alicholipia. Chumba kikitetemeka, anatabasamu. Kisipotetemeka, anaanza kushuku kwamba ameuziwa feki. Hukumu zote mbili hutolewa ndani ya dakika moja, na zote mbili, kwa maoni yangu, zimekosa shabaha. Uzi wa tano haupaswi kupimwa kwa noti yake ya chini kabisa. Faida yake kubwa iko katikati ya shingo, kwenye noti ambazo hata besi ya nyuzi nne inazo, na huonekana zaidi pale noti inapokatika kuliko pale inapoanza. Anayeuchuna mtupu dukani anapima kitu ambacho, akiwa mpigaji mwenye busara, atakitumia mara chache sana katika wimbo mzima.

Tuanze na huo mngurumo wenyewe. Besi ya kawaida, tangu Leo Fender alipoitoa Precision huko Fullerton, California, mwaka 1951, ina nyuzi nne: E, A, D na G, kutoka mnene hadi mwembamba. Ile E hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde. Uzi wa tano, kwa desturi iliyoenea leo, hukaa chini ya E na kupewa B, takriban mara 31 kwa sekunde. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mara 20 hivi, lakini huko chini ni zito mno. Sauti lazima iwe na nguvu nyingi ndipo sikio likiri kuwa ipo. Na spika nyingi za besi, hasa zile ndogo zinazobebeka kwenye bajaji, huishiwa nguvu kabla ya kufika huko. Basi mtu anapoichuna B anasikia nini? Kwa sehemu kubwa anasikia mitikisiko ya juu yake, ya mara 62, 93, 123 na kuendelea, ambayo uzi huitoa pamoja na sauti yake ya msingi. Ubongo ukiisikia mitikisiko hiyo kwa mpangilio wake hukisia sauti ya msingi na kuijaza wenyewe, hata kama spika haikuitoa kabisa. Kwa hiyo mngurumo uliomfurahisha mnunuzi ni kazi ya spika, ya kuta za chumba na ya ubongo wake mwenyewe, na uzi umechangia sehemu tu. Lipeleke gita hilohilo kwenye chumba kingine, hukumu itageuka, na gita halijabadilika hata kidogo.

Lalamiko la pili la siku ya kwanza ni kwamba uzi umelegea. Hili lina ukweli ndani yake, na inafaa kulitazama kwa karibu. Urefu wa uzi unaopigwa kwenye besi nyingi ni inchi 34, yaani kama sentimita 86. Kwa urefu huohuo, ukitaka sauti ishuke kutoka E hadi B, una njia mbili: ulegeze uzi au uuongezee uzito. Watengenezaji hufanya yote mawili. Uzi wa B huwa na unene wa milimita 3.3 hivi, ilhali E ni kama 2.7, na bado katika seti nyingi mvutano wa B hubaki chini ya ule wa E. Ndiyo maana baadhi ya mafundi hurefusha shingo kufikia inchi 35. Inchi moja ni kitu kidogo kwa macho, lakini kwa kuwa mvutano hupanda kwa mraba wa urefu, inaongeza karibu asilimia 6, na mkono unaitambua mara moja. Hata hivyo nusu ya lalamiko ni ya mkono wenyewe. Mkono uliozoea kuipiga E kwa nguvu unaipiga B kwa nguvu ileile; uzi unapiga tao kubwa, unagonga freti, na noti inaanza ikiwa juu kidogo kabla ya kutulia mahali pake. Ukichunwa kwa wepesi, karibu zaidi na daraja, uzi huohuo unakaa sawa. Hata mashine ya kutyuni mara nyingi hubabaika na B tupu. Hutulia ukiugusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, ukapata oktava yake. Uzi unataka adabu nyingine, na adabu hiyo haifundishiki kwa dakika moja ya dukani.

Historia nayo inaelekeza kulekule, ingawa kwa njia ya kuzunguka. Besi ya kwanza ya nyuzi tano kutoka Fender, ile Bass V ya mwaka 1965, haikuwa na B hata kidogo. Uzi wake wa ziada uliwekwa upande wa pili, juu ya G, ukapewa C, na shingo ikafupishwa ikabaki na freti 15 tu. Ubunifu wa namna hiyo unafikiria mkono: mpigaji azipate noti za juu bila kupanda shingo. Haikuuzika, na baada ya miaka michache ikaachwa. Kibiashara ilikuwa hasara, ila swali lililoizaa lilikuwa la maana kuliko swali linaloulizwa dukani leo. B ya chini ilikuja katikati ya miaka ya 1970, Marekani hukohuko, na ililetwa na wapigaji walioagiza kwa mafundi. Anthony Jackson wa New York alimtaka fundi Carl Thompson amtengenezee gita la nyuzi sita, kuanzia B ya chini hadi C ya juu, akalipata mwaka 1975. Haikupita muda Jimmy Johnson naye akashika la nyuzi tano lenye B kutoka kwa Alembic wa California. Kilichouvumisha uzi huo, lakini, ni ushindani. Katika miaka ya 1980 sinthesaiza zilianza kupiga besi kwenye rekodi, zikishuka chini ya E bila jasho, na wapiga besi wa studio wakajikuta wanaombwa noti wasizokuwa nazo. Kufikia mwaka 1987 Music Man walikuwa na StingRay ya nyuzi tano kwenye orodha yao. Sifa ya mngurumo iliupata uzi wa tano katika vita hiyo na kinanda, na imeung'ang'ania hadi leo.

Wenye busara zaidi katika jambo hili, naona, ni watu wa okestra. Ujerumani na Austria, besi kubwa za kusimama zenye nyuzi tano ni jambo la kawaida, na sababu yake haina uhusiano wowote na kutetemesha ukumbi. Watunzi wengi wa zamani waliiandikia besi ifuate chelo, oktava moja chini yake. Chelo hushuka hadi C. Besi ya nyuzi nne hukwama kwenye E. Mstari ukiteremka kupita hapo, mpigaji hulazimika kuruka juu katikati ya sentensi, na msikilizaji mwenye sikio jepesi anausikia mruko huo kama mtu aliyemeza silabi. Uzi wa tano uliwekwa ili sentensi imalizike pale ilipokusudiwa kumalizikia.

Jambo hilohilo linatokea kila Jumapili katika makanisa yetu, tena kwa ukali zaidi. Kwaya imefanya mazoezi katika E. Siku yenyewe mwimbaji kiongozi ameamka na koo zito, anageuka na kusema, tushuke nusu. Mpiga kinanda anabonyeza kitufe cha transpozi na vidole vyake vinabaki palepale. Mpiga besi wa nyuzi nne hana kitufe. Doh ya wimbo, ambayo sasa ni E flati, imeanguka nje ya gita lake. Itabidi aihamishie oktava moja juu, kwenye freti ya 6 ya uzi wa A, na mstari uliokuwa unateremka taratibu hadi nyumbani sasa unateremka kisha unaruka. Mwenye nyuzi tano, kama alikuwa ameipiga E yake kwenye freti ya 5 ya uzi wa B, anarudisha mkono mzima nyuma freti moja, basi. Vidole havibadilishi mpangilio. Tena hesabu ya shingo iko upande wake hata pasipo kubadili ufunguo. Mkono ukitulia kati ya freti ya 5 na ya 8, kila kidole na freti yake, nyuzi nne zinampa mpigaji kuanzia A hadi E flati, oktava moja na nusu. Nyuzi tano zinaanzia E ya chini, na kwa mkono uleule usiosogea zinakosa nusu hatua tu kutimiza oktava mbili. Katika hesabu hiyo yote hakuna hata noti moja iliyo chini ya E. Faida imepatikana bila kugusa ule mngurumo.

Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. E tupu ya besi ya nyuzi nne na E ya freti ya 5 kwenye uzi wa B ni noti moja, mara 41 kwa sekunde zote mbili. Lakini E tupu hulia mpaka mkono uende kuinyamazisha, ilhali E iliyoshikwa hunyamaza kidole kikipunguza tu mkandamizo, pasipo hata kuachana na uzi. Katika dansi la Dar es Salaam, na katika rumba ya Kongo iliyolilea, nusu ya kazi ya besi ni kunyamaza. Sikiliza rekodi za TPOK Jazz, au za Mlimani Park Orchestra. Besi inadondosha noti chache, inaacha pengo, na ndani ya pengo hilo solo na ridhimu zinasukana na miguu ya wachezaji inapata pa kukanyaga. Noti ikining'inia kupita muda wake, pengo limezibwa na mdundo umevimba. Mpigaji stadi wa nyuzi nne huweza kuikata E tupu kwa wakati, hilo halina ubishi, ila inamgharimu kazi ya ziada ya kiganja kila mara. Kwenye uzi wa tano ukimya uko chini ya kidole chenyewe. Ni kweli kwamba E ya namna hiyo ina rangi nyeusi zaidi na mng'ao mdogo, kwa kuwa inatoka kwenye uzi mnene uliofupishwa, na wapo wasioipenda. Kwa muziki wenye magita matatu yanayong'ara juu yake, weusi huo ni msaada.

Bei ya faida hizi hailipwi dukani. Uzi wa B hulia hata usipoguswa. Chukua besi ya nyuzi tano, piga B ya freti ya 2 kwenye uzi wa A, kisha uuzime uzi huo ghafla. Sauti itaendelea, hafifu lakini ipo, na ukiangalia utaona uzi wa tano unatetemeka wenyewe. Noti hiyo ni oktava ya B tupu, na uzi wa tano huiitikia. Piga F shapu ya freti ya 4 kwenye uzi wa D, mambo ni yaleyale. Kwenye besi ya nyuzi nne kidole gumba cha mkono wa kuchunia hupumzika juu ya pikapu, au juu ya E, na kinatosha. Kwenye nyuzi tano gumba hilo linapata ajira. Unapopiga E na A linakaa juu ya B. Ukihamia D na G linateleza na kulala juu ya E huku ubavu wake ukiendelea kuibana B, na uzi wa A unanyamazishwa na kidole cha pete au na ncha za mkono wa kushoto. Siku ya kwanza hakuna linalotokea kati ya hayo. Ndipo mtu anaposema gita lina kelele, analaumu pikapu, analaumu nyuzi, anamlaumu muuzaji. Kumbe mkono wake ulikuwa na uzembe huo tangu zamani, ila nyuzi nne zilikuwa zikimsitiri.

Atakayepinga ana hoja nzito: magwiji wakubwa wa chombo hiki walitosheka na nyuzi nne. James Jamerson aliijengea Motown msingi wake kule Detroit kwa Precision ya nyuzi nne, akichuna kwa kidole kimoja cha shahada. Jaco Pastorius hakuhitaji wa tano. Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon ya mwaka 1986, aliacha kipande cha besi kinachotambulika duniani kote, na kipande hicho hakitegemei kishindo chochote. Nusu yake ya pili, kwa hakika, ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa studioni ikachezwa kinyumenyume. Nayakubali yote hayo, tena naongeza. Jamerson alizitumia nyuzi tupu kwa werevu wa ajabu, akipitia juu yake kuhamisha mkono huku noti ikiwa bado hewani. Mtu anayeitaka lugha hiyo akikaa muda wote kwenye freti ya 5 ataipoteza. Lakini hoja hii inathibitisha kwamba ubingwa hauhitaji uzi wa tano. Haithibitishi kwamba uzi wa tano hauna kazi. Wanaosema nne zinatosha kwa kawaida wanamjibu yule anayejisifia mngurumo, na dhidi yake wameshinda. Dhidi ya mwimbaji mwenye koo zito hawajasema kitu.

Wapo wanaoshauri njia ya bei nafuu: ilegeze E iwe D, au vua nyuzi zote uweke B, E, A na D. Ni ushauri wa haki kwa asiye na pesa. Ila E ikilegezwa, ramani ya vidole kwenye uzi huo mmoja inahama freti mbili wakati nyingine zimebaki, na kukosea katikati ya wimbo ni rahisi. Na ukiweka B, E, A, D umeiuza G, ambako kuna sehemu kubwa ya maneno mazuri ya besi ya rumba. Wengine wanasema msikilizaji wa leo anasikiliza kwa simu, na spika ya simu haitoi B wala E. Hoja hii inaua mngurumo kabisa. Haiwezi kuua nafasi ya mkono, wala noti iliyokatwa kwa wakati, kwa sababu mahali noti inapoanzia na inapokomea husikika hata kwenye spika ya ukubwa wa kucha. Na tukiwa hapo hapo, wapo wapigaji wanaotua kwenye B au C ya chini kila mwisho wa kiitikio. Bati la ukumbi linalia, ngoma ya mguu inapotea, na fundi mitambo anaishusha besi nzima kwa usiku uliobaki. Hao ndio wanaoupa uzi huu jina baya.

Sisemi siku ya kwanza haina ushahidi wowote. Kuhusu mwili, haidanganyi. Jazz Bass ya Fender ina upana wa milimita 38 hivi pale shingo inapokutana na kichwa. Nyingi za nyuzi tano hufika 45 au zaidi, na kiganja kidogo kitajua ndani ya wimbo mmoja kama kitaumia. Gita ambalo kichwa chake kinazama chini ukiachia mkono litazama hivyo hivyo mwakani. Uzito unaouma bega leo hautapungua. Kwa mambo hayo mtu aliamini gita tangu dakika ya kwanza, na akiona halimfai alirudishe. Kwa sauti, asubiri. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la uzi wa tano ni nyimbo ambazo mpigaji anazijua tayari, azipige zote kuanzia freti ya 5, B tupu isiguswe kabisa, gumba lifundishwe kazi yake, kisha azihamishe nusu chini na nusu juu mpaka mkono uache kuuliza njia. Baada ya hapo ndipo aichune ile B, na ataona kwamba haimshughulishi tena kama mwanzo.

Hukumu yangu ni hii: kwa anayepiga na kwaya, au na bendi inayobadili ufunguo kufuata waimbaji, nyuzi tano ni bora kuliko nne, tena kwa tofauti kubwa. Kwa anayepiga peke yake chumbani akitafuta kishindo, hapana. Na aliyekwisha kununua, kama amebakiwa na pesa, azipeleke kwenye spika kabla hajaanza kuuliza bei ya nyuzi sita.